Bwana Miti Aliyetoka Vitani

Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto ina kilomita 32 hivi, na karibu zote ni kona. Abiria aliyebahatika kukaa dirishani huanza kuona miti kabla hajauona mji: migrevilea imejipanga kwenye kingo za mashamba ya maharage, mikaratusi imejaa mabondeni, miwati imesimama kwenye miteremko, na ukiupita mji kupanda Magamba hadi Shume unaikuta misindano inayopandwa na kuvunwa kwa zamu. Mingi ya miti hiyo si wenyeji wa huku. Mgrevilea, mkaratusi na mwati asili yake ni Australia, na msindano wa Shume kwao ni Mexico. Kuna mtu aliyeileta, akaiotesha kitaluni, kisha akamshawishi mkulima aipande, au akamlazimisha. Mtu huyo watu walimwita bwana miti, kama mwenzake wa mazao alivyoitwa bwana shamba.

Baadhi ya mabwana miti wa enzi ya Mwingereza walikuwa wametoka vitani. Aliyekuja kupata jina kubwa kuliko wote katika Afrika Mashariki hakufanya kazi Usambara bali ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Wakikuyu. Jina lake Richard St. Barbe Baker. Alifariki Juni 9, 1982, akiwa na umri wa miaka 92, na maisha yake yanafaa kusimuliwa kwa watu wa Lushoto, kwa sababu milima yao ilipitia mambo yale yale aliyoyapitia yeye, ila kwa mpangilio mwingine na kwa machungu zaidi.

Baker alizaliwa Oktoba 9, 1889, katika kijiji cha West End kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa na vitalu vya miti, hivyo mtoto alikua akishika miche kama watoto wengine wanavyoshika mpira. Akiwa kijana wa miaka ishirini hivi alikwenda Kanada, akawa miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo kabisa wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan. Huko aliona mambo mawili ambayo hakuyasahau. La kwanza ni wakulima waliofyeka vichaka na miti yote kwenye tambarare ili walime ngano, kisha upepo ukaja kuuchukua udongo wao. La pili ni kambi za wakata mbao, alikofanya kazi kwa muda, ambako magogo mazuri yaliachwa yaoze kwa uzembe tu. Alirudi Uingereza kusomea uchungaji Cambridge. Vita Kuu ya Kwanza ikamkuta hapo.

Alipelekwa Ufaransa katika kikosi cha mizinga. Alijeruhiwa zaidi ya mara moja, na mwaka 1918 akaondolewa jeshini kwa sababu ya majeraha. Uchungaji hakuurudia. Alichagua kusomea misitu, na ada aliitafuta kwa njia ambayo fundi yeyote wa mtaani angeipigia makofi: alinunua mabaki ya ndege za kivita, akachukua magurudumu na vyuma vyake, akaunda nyumba ndogo za kukokotwa na gari, akaziuza. Mwaka 1920 Wizara ya Makoloni ikamtuma Kenya kuwa afisa msaidizi wa misitu.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa kuwa vita vile vilikuwa vimepita Usambara pia. Mapigano ya Tanga yalikuwa Novemba 1914. Lushoto, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal, iliangukia mikononi mwa Waingereza mwezi Juni 1916. Upande wa Waingereza peke yake, Waafrika wapatao milioni moja walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, na waliokufa walioandikwa vitabuni wanapita 95,000, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa. Vita vilipoisha, serikali ya Kenya ilianzisha mwaka 1919 mpango wa kuwagawia askari wa zamani wa Kizungu mashamba katika nyanda za juu. Mpagazi aliyebahatika kurudi nyumbani hakupewa ekari hata moja. Alichokipata ni kipande, kitambulisho cha lazima kilichotiwa ndani ya kikopo cha chuma na kuning'inizwa shingoni.

Kwa hiyo mwaka ule wa 1920 meli zilikuwa zinashusha Mombasa Wazungu wengi waliotoka vitani, kila mmoja na ramani ya shamba lake. Baker alishuka akiwa na ramani ya misitu. Alikuwa mtumishi wa ukoloni kama wao, alilipwa na serikali ile ile, na si haki kumpamba kupita kiasi. Tofauti yake ilijitokeza alipofika kazini.

Alikuta vilima vya Kikuyu vimekwisha kukatwa miti sehemu kubwa. Mashine za mbao, mashamba mapya ya walowezi na ukulima wa wenyeji waliobanwa kwenye ardhi finyu vilikuwa vimekula msitu kutoka pande zote. Idara ilikuwa na pesa kidogo sana ya kupandia. Baker akaenda kwa wazee kuomba vijana wa kujitolea. Kwa masimulizi yake mwenyewe, walimjibu kwamba kupanda miti ni shauri ya Mungu. Miti mizee huangusha mbegu, mbegu huota, binadamu anaingiaje hapo?

Jibu hilo linahitaji kusomwa kwa uangalifu. Wakikuyu hawakuwa watu wasiojali miti. Mti wa mugumo ulikuwa mahali pa ibada, na hakuna aliyethubutu kuupiga shoka. Wasambaa nao walikuwa na misitu ya mizimu ambayo mtu haingii kukata kuni. Huenda wazee walikuwa wanamwambia kwa adabu kwamba msitu ulijitunza vizuri sana kabla ya mashine za mbao kuja. Baker hakubishana nao. Alikuwa amegundua kwamba Wakikuyu walikuwa na ngoma ya kupanda maharage na ngoma ya kuvuna mtama, lakini hapakuwa na ngoma ya miti. Akamwendea chifu Josiah Njonjo, baba yake Charles Njonjo aliyekuja kuwa Mwanasheria Mkuu wa Kenya, wakashauriana na wazee, ngoma mpya ikatangazwa. Zawadi zilitajwa: ng'ombe aliyenona kwa moran atakayependeza kuliko wenzake, na mkufu wa shanga kwa binti mzuri kuliko wote.

Julai 22, 1922, vijana wapatao 3,000 walikusanyika kambini kwake Muguga.

Tarehe hiyo ina uzito ambao wanaomsifu Baker huko Ulaya hawautaji mara nyingi. Miezi minne tu kabla yake, mwezi Machi, mwanaharakati Harry Thuku alikuwa amekamatwa Nairobi kwa kupinga kipande na kodi, na polisi wakawafyatulia risasi watu waliokuja kudai aachiwe. Serikali ilikuwa inaogopa kila kundi la vijana wa Kikuyu lililozidi watu kumi. Afisa mmoja wa misitu aliyewakusanya 3,000 wakiwa wamejipaka rangi na kuvaa kivita alikuwa anacheza na moto, awe alijua au hakujua. Mwisho wa ngoma walichaguliwa vijana 50 wa kwanza wakala kiapo: watalinda msitu wa asili, watapanda miti kumi kila mwaka, na watatunza miti popote walipo. Walijiita Watu wa Miti. Katika muda mfupi maelfu ya wengine waliwafuata, na vitalu vikajaa miche ya mierezi na mizeituni mwitu iliyopandwa katikati ya mahindi ili mkulima apalilie vyote kwa jembe moja.

Ujuzi mkubwa wa Baker haukuwa wa misitu. Cambridge ilitoa mabwana miti wengi waliojua majina ya Kilatini kumshinda. Yeye alijua kwamba kazi isiyo na mwenyewe haifanyiki, na kwamba ili kazi ipate mwenyewe lazima aliye na sauti kijijini aseme ndiyo kwanza, na vijana waone fahari kuifanya. Labda mahandaki ya Ufaransa ndiyo yaliyomfundisha nini hutokea pale wakubwa wanapoamuru kutoka mbali.

Kazi yake Kenya haikudumu. Alieleza kwamba siku moja alijiweka kati ya afisa wa Kizungu na mfanyakazi Mwafrika aliyekuwa anapigwa, na pigo likamwangukia yeye begani. Ugomvi na wakubwa ukafuata, akaondolewa katika utumishi wa Kenya. Mwaka 1924 aliendeleza Watu wa Miti huko Uingereza kama chama, kisha akapelekwa Nigeria kulinda misitu ya mikangazi hadi 1929.

Sasa turudi Lushoto. Wakati Baker anahangaika na Wakikuyu, Usambara ilikuwa imekwisha kuonja kilimo na misitu ya amri. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti cha Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1902. Huku Magharibi kampuni ya mbao ilijenga njia ya kamba za chuma iliyoshusha magogo ya mierezi kutoka Shume hadi stesheni ya reli ya Mkumbara, mteremko wa zaidi ya mita elfu moja. Mierezi ikashuka, pesa ikaenda pwani na kuvuka bahari. Wamisionari waliofika Mlalo mwaka 1891 nao walileta mbegu zao. Waingereza waliporithi nchi walikuta milima yenye watu wengi, udongo mwembamba na mvua kali.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Tanganyika ilipata kundi jingine la watu wa jeshi waliogeuzwa kuwa watu wa maendeleo. Mfano unaojulikana zaidi ni mpango wa karanga wa Kongwa ulioanza 1947. Askari wa zamani waliajiriwa kwa mamia, vifaru vikageuzwa matrekta, mbuyu ukapigwa kama ngome ya adui. Ulisimamishwa mwaka 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30, na karanga zilizopatikana zilikuwa aibu.

Mlalo hapakuwa na vifaru. Palikuwa na matuta. Mwaka 1946 serikali ilianza mpango wa kuokoa udongo wa bonde la Mlalo, na baadaye ukasambazwa sehemu nyingine za Usambara. Kwenye karatasi haukuwa na ubaya. Udongo kweli ulikuwa unateremka, mito kweli ilikuwa myekundu wakati wa masika. Amri zikatoka: matuta ya kukinga maji katika mashamba, marufuku kulima kwenye miteremko mikali, mifugo ipunguzwe maeneo fulani. Asiyetii alishtakiwa na kutozwa faini.

Wataalamu walihesabu udongo, hawakuhesabu migongo. Kuchimba matuta kwenye kilima ni kazi ya wiki nyingi, na kwa Wasambaa kazi kubwa ya shamba la chakula ilikuwa juu ya wanawake. Wenye ardhi kidogo, ambao shamba lao lote liko mteremkoni, waliona wananyang'anywa chakula kwa jina la kuokolewa. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeishi na Wasambaa na kuandika juu yao, anaeleza kwamba kwao mamlaka ilipimwa kwa maneno mawili: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mfalme mwema huleta mvua na chakula. Mfalme Kimweri Magogo, aliyetawazwa mwaka 1947, alijikuta akitakiwa na serikali kusimamia matuta, na watu wake wakaanza kujiuliza yuko upande upi wa maneno hayo mawili. Upinzani ukakua, wanawake wakiwa mstari wa mbele. TANU ilipoanzishwa mwaka 1954 haikulazimika kuwasha moto huko. Ulikuwa unawaka tayari. Uluguru nako matuta yalizusha ghasia mwaka 1955. Ilipofika 1958 mpango wa Usambara ulikuwa umekufa, na matuta mengi yakalimwa upya kwa makusudi.

Ubaya wake uliishi muda mrefu kuliko mpango wenyewe. Miaka mingi baada ya Uhuru, ofisa aliyetamka neno hifadhi ya udongo mbele ya wazee wa Mlalo alikuwa anajitafutia kununiwa.

Hali ilianza kubadilika mwaka 1981, mradi wa kuhifadhi udongo wa SECAP ulipoanza kwa ushirikiano wa serikali ya Tanzania na Ujerumani. Nao ulikosea mwanzoni, kwa kupima mistari mipana ya kingo ambayo haikufuata mipaka ya mashamba ya watu. Lakini ulikuwa na jambo ambalo Mlalo ya 1946 haikuwa nalo: kilichopandwa kwenye kingo kilikuwa chakula cha ng'ombe. Mpaka leo unaweza kuliona kwenye miteremko ya Lushoto. Majani ya guatemala, marefu kumzidi mtu, yamepandwa mstari mmoja kukata mteremko, na mgrevilea umechomeka hapa na pale. Asubuhi mama anakata mzigo, anaufunga kwa ganda la mgomba, anaubeba kichwani hadi bandani, ambako ng'ombe wa maziwa hatoki kwenda kuchunga. Jioni samadi inarudi shambani kwenye kabichi na karoti zinazosubiri lori la Dar es Salaam. Udongo ulionaswa juu ya kingo hujaa mwaka hadi mwaka mpaka mteremko unaanza kuwa ngazi. Hakuna aliyechimba ngazi hiyo kwa faini. SECAP ilimalizika mwaka 2000, na watu wa mradi wakarudi kwao. Wakulima wengi wamesahau majina yao, ila guatemala bado inakatwa.

Baker naye hakuacha kuzurura. Alifanya kazi Palestina akiwakutanisha Wayahudi, Waislamu na Wakristo katika kupanda miti. Marekani alipigania miti mikubwa ya California isikatwe. Mwaka 1952 aliongoza msafara wa kuizunguka Sahara ili kuonyesha jinsi jangwa linavyosogea, na akatoka na wazo la mkanda wa miti kulizuia, wazo ambalo mataifa ya Kiafrika yamelirudia katika karne hii kwa Ukuta Mkubwa wa Kijani. Mwaka 1963, akiwa na miaka 74, alipanda farasi akaipita New Zealand kutoka upande mmoja hadi mwingine, akisimama shuleni kuzungumza na watoto. Baadhi ya mambo aliyoyaandika juu yake mwenyewe yanaweza kuwa na chumvi. Alikuwa msimulizi, na msimulizi huwa hapunguzi. Lakini miti ipo.

Juni 5, 1982, Siku ya Mazingira Duniani, alipanda mti katika Chuo Kikuu cha Saskatchewan alikosoma ujanani. Siku nne baadaye alifariki Saskatoon, mji kilipo chuo hicho. Tarehe hiyo hiyo ya Juni 5, mwaka 1977, Wangari Maathai alikuwa amepanda miti saba Nairobi, mwanzo wa vuguvugu la Green Belt lililompatia Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Maathai alizaliwa Nyeri, hakumhitaji Baker kumfundisha mugumo ni nini. Hata hivyo njia yake ilifanana na ile ya Muguga: vikundi vya vijijini, vitalu vya nyumbani, na wanawake waliokuwa wamesahauliwa katika hesabu za Mlalo sasa ndio wenye kazi. Chama cha Watu wa Miti cha Uingereza kilibadili jina na kuitwa International Tree Foundation, na bado kinafanya kazi na vikundi vya wakulima kandokando ya misitu ya Kenya.

Kiapo cha mwaka 1922 kilianza na msitu wa asili, na hapo ndipo Lushoto ya leo inapata shida. Mkaratusi unakua haraka, nguzo na mbao zake zina soko, na mkulima mwenye robo ekari huiona miti hiyo kama akiba ya ada ya shule. Lakini wengi waliipanda mabondeni, karibu na chemchemi, na wazee wanalalamika kwamba vijito vilivyokuwa vinatiririka kiangazi kizima sasa vinakauka mapema. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Utekelezaji wake unaangukia serikali za vijiji, ambako mwenyekiti anatakiwa amwambie jirani yake, pengine shemeji yake, ang'oe miti aliyoipanda kwa jasho na bado hajaiuza. Baadhi ya vijiji vimekubaliana wavune kwanza kisha wasipande tena. Vingine vinaanza kurudisha miti ya asili kuzunguka chemchemi. Vingine bado vinaitisha mikutano, na ajenda ya mkaratusi inasogezwa hadi kikao kijacho.